Fundi wa kapasita, jirani na stendi kuu ya Moshi

Macintosh SE/30, kompyuta ya Apple ya mwaka 1989 aliyoniachia marehemu baba, ilikuwa ikiwaka inaonyesha mistari mitupu kwenye skrini, haina sauti. Fundi huyu aliifungua mbele yangu. Kapasita ndogo za bodi, yaani vile vipande vinavyohifadhi umeme, zilikuwa zimevuja, lehemu imefifia, na alipogusisha pasi ya kulehemu ikatoka harufu ya samaki aliyeoza. Hakuzing'oa kwa papara, maana vipande vya shaba chini yake hubanduka. Alisugua kwa spiriti na mswaki, akaweka mpya za tantalumu, aina ya metali, za ujazo wa 47µF. Nilimwamini aliponionyesha kuwa mstari wa tantalumu ni upande chanya, ilhali alama nyeusi ya zile kuukuu ni hasi. Ukigeuza, kapasita inaweza kulipuka. Siku tatu, bei imechangamka kidogo. Ila jana imelia ule mlio wa kuwaka, mama akatoka jikoni mbio.