Stelingi hafi, ila hapa niliamini anakufa: Peaky Blinders, sizoni ya pili, episodi ya sita

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria moja: stelingi hafi. Mfunge kamba, mtumbukize mtoni na gunia la mawe, kama muvi bado ina nusu saa atachomoka tu. Mimi nilikuwa na ushahidi zaidi ya huo. Kwenye flashi niliyojaziwa pale mtaani zilikuwepo sizoni zote sita za Peaky Blinders, na nilikuwa nimefika ya pili. Mtu mwenye sizoni nne mbele yake atafiaje shimoni? Nilijua hafi. Na bado, dakika za mwisho za episodi ya sita zilinikuta nimesimama katikati ya sebule, mikono kichwani.

Nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaitazama, ishia hapa kwanza.

Kwa mgeni: hii ni tamthilia ya BBC iliyobuniwa na Steven Knight, ambaye kwao ni hukohuko inakotokea hadithi, jijini Birmingham, Uingereza. Inahusu familia ya Shelby wa mtaa wa Small Heath, wanaoishi kwa kamari ya farasi na ubabe baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Stelingi ni Thomas Shelby, au Tommy, anayeigizwa na Cillian Murphy. Vitani alikuwa mchimba mahandaki kule Ufaransa, na usiku bado anasikia sululu ukutani. Episodi hii ilirushwa Novemba 2014, na matukio yake ni ya mwaka 1922, siku ya mbio za Derby pale Epsom, kusini mwa London. Ndiyo, ni neno lilelile tunalolipigia kelele Simba na Yanga wakikutana. Mbio hizo zilianza 1780, zikapewa jina la mkubwa mmoja, Earl wa Derby.

Kabla hatujafika uwanjani kuna kikao kati ya Tommy na Alfie Solomons, bosi wa genge la Camden Town kule London, ambaye ni Tom Hardy na ndevu zake. Kiwanda chake kinaitwa cha mikate, ila kinachotoka mle ni ramu. Alfie ameshamsaliti Tommy mara moja, na sasa anataka asilimia 100 ya biashara yake. Tommy, aliyeingia peke yake, anamwambia kwa upole kwamba kuna bomu la mkono limetegwa huko kwenye mapipa, na asipotoka kwa wakati wote wanaenda na moto. Hapo Alfie anaanza kushusha bei kama muuza mitumba anayeona mvua inakuja, mpaka 35. Hakuna ngumi wala risasi, ni wanaume wawili na karatasi mezani, na nilicheka huku jasho linanitoka. Nimeirudia mara tatu.

Uwanjani Tommy ana kazi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ni yake mwenyewe: kuwapora watu wa Sabini, genge la Waitaliano wa London, vibali vya kuchezesha kamari. Enzi hizo hakuna kujaza mkeka kwenye simu; anayemiliki sehemu ya kusimama uwanjani ndiye anayekula. Ya pili amelazimishwa na Meja Campbell, inspekta wa polisi wa zamani na adui yake mkubwa: amuue jemadari mmoja wa jeshi, lawama ziwaangukie wanamgambo wa Ireland. Akishaua, na yeye azikwe kimyakimya.

Nilichopenda ni jinsi mpango unavyoharibika. Grace, mpenzi wake wa zamani, anatokea bila kuitwa, na habari ya mimba, dakika ileile ambayo Tommy anatakiwa kuwa mahali pengine. Kuchelewa kwake kunalipwa na Lizzie, katibu wa Tommy aliyetumwa kumvuta yule jemadari faragha. Tukio lile ni zito, na sikupenda namna linavyopitiwa haraka kana kwamba ni gharama ndogo ya kazi. Tommy anaomba radhi, hadithi inaendelea mbele. Na tafadhali usiangalie episodi hii na mama mkwe wala watoto.

Shangazi Polly, ndiye aliyenimaliza. Helen McCrory, aliyefariki 2021, anaingia kwenye kibanda cha simu akiwa na gauni lake la siku ya mbio, na anamaliza deni lake na Campbell kwa risasi moja. Ukikumbuka alichofanyiwa na Campbell huko nyuma, utaelewa kwa nini mdogo wangu wa kike alipiga makofi peke yake saa saba ya usiku.

Nina malalamiko. Sabini amegeuzwa kikaragosi wa kupiga kelele, hatishi mtu. May, yule mama tajiri mwenye farasi, anawekwa pembeni kama mwavuli baada ya mvua. Halafu maandishi ya chini yalikuwa yanachelewa sekunde kama nne, kosa la aliyenijazia flashi, na lafudhi ya Birmingham bila maandishi ni mtihani.

Kwa wanaodhani hii ni historia: Tommy hakuwahi kuwepo. Peaky Blinders wa kweli walitamba Birmingham miaka ya 1890, na kufikia wakati huu jina lao lilishafifia. Ila vita vya Sabini na watu wa Birmingham ni kweli kabisa. Mwaka 1921, baada ya Derby, vijana wa Birmingham waliwavizia maadui wao njiani karibu na Epsom, wakashusha kipigo kikali, kisha wakagundua waliopigwa ni washirika wao kutoka Leeds! Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kuwafanya magenge wajinga kiasi hicho.

Sasa shimo. Wanaume waliojifanya polisi wanamchukua Tommy mpaka uwanda mtupu, kaburi limeshachimbwa. Anawasha sigara. Murphy habembelezi wala halii. Anakasirika, kama mtu aliyefika kituoni akaona basi linakunja kona. Anamtaja mwanamke anayempenda, anasema alibakiza kidogo apate kila kitu. Hasira ile ndiyo iliyonifanya niisahau sheria ya kibanda umiza. Mara mmoja wa wale watu anawageuzia wenzake bastola, na kumwambia Tommy kwamba Churchill ana kazi yake. Nikashtuka kwa sababu nyingine: mwaka huo 1922 Churchill alikuwa waziri wa makoloni, na Tanganyika ndiyo kwanza inakabidhiwa rasmi kwa Waingereza. Yaani faili letu na la jambazi wa Birmingham yangeweza kulala meza moja.

Tommy akaondoka anapepesuka kwenye ukungu, akarudi nyumbani, akatangaza anaoa. Nani, hasemi.

"Kaka, niweke sizoni ya tatu?" mdogo wangu akauliza. Yeye ameshaimaliza yote, na usiku kucha hakunidokeza chochote.

"Subiri," nikamwambia. "Rudisha pale shimoni."