Feni ipi ununue kabla joto la Januari halijakukuta: nilivyozipanga kwa nyumba za Pwani

Kaskazi ikishaanza mwezi wa Desemba, Dar es Salaam hakulaliki. Kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 32 tu, ila unyevu wa bahari ndio unaotesa, jasho halikauki. Kiyoyozi wengi hatukimudu, na anayekimudu kukinunua, umeme wa LUKU unamshinda. Hata kiyoyozi kidogo kinakula karibu wati 900, wakati feni nyingi za nyumbani ziko kati ya wati 50 na 75. Feni ya wati 70 ukiiacha ifanye kazi saa 10 mfululizo, imekula uniti 0.7.

Kabla hujatoa hela, jua kwamba feni haipozi chumba. Inakausha jasho mwilini, basi. Ndiyo maana ukitoka chumbani uizime, na ndiyo maana nimezipanga kwa kigezo kimoja: upepo unakufikia pale unapolala?

Ya kwanza ni pangaboi, kama nyumba ni yako na ina silingi bodi. Kwa chumba cha kulala cha kawaida inchi 48 inatosha, sebuleni weka 56. Panga zake zikae juu ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Chumba cha bati tupu kisicho na dari usikiwekee, maana mchana litakushushia hewa iliyochomwa na bati.

Tatizo lake ni chandarua. Chandarua cha duara kinaning'inia katikati ya chumba, palepale pangaboi linapokaa. Kwetu tulihangaika wiki nzima: tukiwasha, neti inapepea, pindo linachomoka chini ya godoro, asubuhi mtoto ameumwa na mbu miguu yote. Na chandarua huwezi kukiacha, malaria haina likizo ya joto. Mwishowe seremala akatufungia miti minne kwenye pembe za kitanda, tukanunua chandarua cha pembe nne, tukapindia pindo lake chini kabisa ya godoro. Hadi leo kimetulia. Hiyo gharama ya seremala iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Pangaboi likianza kuzunguka kivivu baada ya miaka michache, usikimbilie jipya. Mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachosaidia mota kuzunguka, imechoka, na fundi umeme anaibadilisha papo hapo.

Ukiwa mpangaji, chukua feni ya kusimama. Unahama nayo, huombi ruhusa ya mwenye nyumba kutoboa dari, na upepo wake unapita ubavuni mwa chandarua moja kwa moja hadi kwako. Usiku nje kukishapoa, isogeze dirishani ielekee ndani, ivute hewa ya nje. Utaona tofauti kubwa kuliko kuiacha izungushe joto la chumbani. Tafuta yenye kitako kizito, na kama una watoto wadogo, kagua nyavu za mbele: kidole cha mtoto kisipite.

Ya tatu ni feni ya kuchaji, hasa mtaa wenu ukikatikiwa umeme mara kwa mara. Upepo wake ni mdogo, lakini usiku wa giza na mtoto mchanga ndani hutaidharau. Muulize muuzaji kama betri yake inauzwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayokufa kwanza.

Feni ya meza ni ya dukani au ya mwanafunzi anayejisomea. Kitandani haifiki mbali.

Ya mwisho kabisa ni kile kipoza hewa cha kujaza maji. Kinafanya kazi kwa kugeuza maji kuwa mvuke, hivyo kinataka hewa kavu. Dodoma mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza, kinafaa kweli. Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hapana. Dada yangu alikinunua kwa hela ya mchezo wa upatu aliyoisubiri miezi; chumba kikawa na fukuto zaidi, na nguo za kabatini zikaota ukungu. Iliniuma sana.

Dukani, usikubali kupewa boksi lililofungwa. Zungusha panga kwa mkono kwanza, zisikwaruze. Kisha ichomekwe, uiwashe kwa namba 1: mota nzima inaanza yenyewe bila kusukumwa. Iache izunguke dakika tano, shika mgongo wa mota usikie kama inachemka, halafu ndiyo udai risiti na waranti.