Mkopo wa Muso kwa mama wakulima, Bukavu: mifuko mizuri, kalenda mbaya

Kwa mama anayelima maharagwe Kabare, karibu na Bukavu, na kuuza Kadutu mjini, Muso, yaani kikundi cha wanachama kuweka akiba na kukopeshana, ndiyo tunayoipendekeza kwanza, kabla ya mkopeshaji wa sokoni. Pesa hukaa katika mifuko mitatu: wa kijani hukopesha, mwekundu husaidia wakati wa ugonjwa na msiba, wa buluu hupokea fedha za nje. Kikundi kinachochanganya kijani na mwekundu kiepukeni. Msiba mmoja hula pesa ya mbegu.

Tatizo kubwa ni kalenda. Maharagwe ya msimu A, msimu wa kwanza wa kilimo, hupandwa Septemba na hukomaa baada ya miezi mitatu hivi. Kikundi kikidai mtaji, yaani pesa yenyewe iliyokopwa, kila mwezi, mama atauza mbuzi au atakopa kwingine ili alipe. Ombeni mlipe riba kila mwezi, mtaji baada ya mavuno. Dola 50 kwa riba ya 5 kwa mia kila mwezi, miezi minne, ni dola 60 jumla. Iandikwe kwenye kijitabu, kwa sarafu ileile mliyopokea.

Saini ya mume? Tangu Sheria ya Familia ya Kongo irekebishwe mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume; sheria hutaka tu mume na mke wakubaliane. Inauma kuona ruhusa hiyo bado inadaiwa.