Boti ya kukodi Dunga kwa wanaochukua sampuli za maji

Kama unafanya projekti ya maji ya ziwa na unatafuta boti hapa Kisumu soma hii kwanza. Mara ya kwanza nilikula hasara, boti niliyokodi injini ilikuwa inavuja mafuta, kila chupa niliyojaza ilikuwa na ule utando wa rangirangi juu, nikamwaga zote nikarudi mikono mitupu na pesa zimeenda.

Kapteni wa sasa nilielekezwa kwake na wavuvi na nimeenda naye mara tatu. Anataka mtoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaanza, na ako sawa kabisa, kwa sababu ziwa likitulia ile mwani inaitwa Microcystis hupanda juu, ina vipovu vya hewa ndani, unaiona imetanda kama rangi ya nyumba imemwagika, halafu mchana upepo ukija unaikoroga yote.

Chenye kilinifurahisha zaidi ni vile anazima injini mapema, boti inateleza yenyewe mpaka inasimama ndio anashusha nanga polepole matope yasipande. Nilishusha diski ya Secchi, ile sahani ya kupima maji yako wazi kiasi gani, upande wa kivuli, na karibu na mdomo wa mto Kisat ikapotea kamba haijafika hata nusu mita. "Omera, hiyo imeenda," akasema, kumbe na yeye alikuwa ameikazia macho. Huko mbali kwenye maji makubwa ilipita mita moja.

Kwa darubini, maji ya karibu na mji yalikuwa Microcystis tone baada ya tone, aina zingine za kuhesabu na vidole. Ya mbali nikapata diatomu, ule mwani mdogo wenye ganda kama kioo, na mwani wa kijani wa kila umbo, nikafurahi mpaka nikaita wenzangu waone. Maji taka na mbolea zikileta fosforasi na naitrojeni nyingi, aina moja inafunika zingine zote, na hii Microcystis inaweza kutoa sumu ambayo hata ukichemsha maji haitoki. Na watu wanachota hapo ufuoni kila siku, inaniuma sana.

Nililipa elfu tatu na mia tano nusu siku, mafuta ndani. Laifu jaketi ziko ila mbili kamba zimekatika, nimemwambia azitengeneze. Gugumaji likifunga njia mtangoja tu, siku moja tulikaa karibu saa nzima. Mpigie jioni ya kabla, beba chupa za kahawia, na Lugol, ile dawa ya iodini ya kuhifadhi sampuli, weka hapo hapo kwenye boti usingoje ufike maabara.