TAHADHARI: "Otochuni" bandia za pikipiki zinauzwa hapa Nairobi

Wenye nduthi, kuna boksi dogo linalouzwa mtandaoni na kuletewa mtu hadi alipo, eti ni otochuni: ukilifunga, pikipiki itajipimia hewa na petroli yenyewe na ulaji wa mafuta ushuke. Msitume M-Pesa kabla ya kulikagua.

Wanawauzia hata wenye pikipiki za kabureta, na huo ni wizi wa wazi. Otochuni hufanya kazi kwa kuongeza au kupunguza muda ambao injekta, yaani kifaa kinachonyunyizia petroli kwenye injini, inakaa wazi. Kabureta haina injekta. Petroli yake inapimwa na jeti, yaani kitundu kidogo inamopita, na jeti haipokei amri ya waya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa kwa Mombasa huku inamwaga petroli kupita kiasi. Fundi akuwekee jeti kuu ndogo kidogo. Hilo tu.

Kama yako ni ya injekta, hesabu nyaya za sensa. Otochuni ya kweli inahitaji sensa ya oksijeni ya waidibendi, yaani inayopima uwiano halisi wa hewa na petroli kupitia moshi wa ekzosi. Inayotumika sana ni Bosch LSU 4.9: nyaya tano zinatoka kwenye sensa, lakini soketi yake ina pini sita, kwa sababu ndani ya soketi kuna rezista (kipande kidogo kinachozuia umeme) iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo. Sensa halisi peke yake huipati kwa shilingi elfu tatu, sembuse seti nzima. Ukiletewa ya waya mmoja, hiyo ni narobendi ya kawaida. Inatoa volti 0.1 hadi 0.9 na kuruka ghafla uwiano unapopita 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Inajua petroli imezidi au imepungua, basi. Haiwezi kutofautisha 12.8 na 13.5, na ukivuta mafuta yote (mkono wa mafuta hadi mwisho) ndipo unapohitaji kujua hilo.

Nyingine hazina sensa kabisa. Fungua boksi: taa ndogo na rezista ya shilingi chache. Unaambiwa uunge kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Rezista hiyo inaidanganya kompyuta ya injini kwamba hewa ni baridi, nayo inaongeza petroli. Siku za kwanza pikipiki inavuta vizuri, ndiyo maana watu wanaisifia. Kisha plagi inajaa masizi, tangi linakauka haraka, na oili inaanza kunuka petroli kwa sababu petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kushuka chini. Hapo pistoni na ringi zinalika.

Dai ipimwe mbele yako kabla ya kulipa. Sensa ikiwa nje ya ekzosi, seti nzima iunganishwe na betri ya volti 12 na sensa iachwe ipate moto (usiiguse, inaunguza vibaya). Geji ya seti, inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli, lazima ifike mwisho wa kipimo upande wa hewa nyingi. Sensa ikishafungwa kwenye ekzosi, ukivuta mafuta yote namba ishuke kwenye 12 au 13. Ukiachilia ghafla ukiwa kwenye mwendo, injekta zinafungwa na namba irudi juu kabisa. Geji inayoganda 14.7 muda wote ni pambo.

Akisema sensa ifungwe mwishoni mwa silensa, ondoka. Hewa ya nje inarudi pale, sensa inasoma hewa nyingi, na otochuni inaongeza petroli isiyohitajika. Hata ekzosi inayovuja karibu na injini huleta shida hiyo hiyo. Mahali pake ni kwenye bomba kabla ya silensa, imeinama angalau digrii 10 ili maji yasituame ndani.

Aliyekwisha kufunga boksi la rezista alitoe leo, arudishe nyaya za sensa ya joto kama zilivyokuwa, asafishe plagi, na abadilishe oili hata kama muda wake haujafika.