Filamu ndefu ya mwani, usiku mmoja Ngome Kongwe

Sehemu kubwa ya filamu hii ni wanawake walioinama kwenye maji, wanalima mwani, yale majani ya baharini. Haina msimulizi wala muziki, na hakuna mtaalamu anayetokea kukufafanulia. Inapita saa tatu, na mie sioni pa kukata.

Niliitazama kwenye tamasha la filamu, pale Ngome Kongwe, mjini Unguja, penye uwanja wa wazi. Haikutimu saa moja watu wengi walishainuka, wakenda zao Forodhani kutafuta mishkaki. Siwalaumu. Kuna kipande cha karibu nusu saa ambacho bibi mmoja anafunga mwani tu: anashika tawi, anapitisha taitai, kile kikamba chembamba cha kufungia, anakaza kwenye kamba, anasogea mbele. Mwanzo kilinichosha. Kisha macho yakahamia kwenye vidole vyake, vilivyochanikachanika kwa maji ya chumvi, na hapo sikutaka tena kiishe. Mama aliyekaa pembeni yangu, mtu wa Jambiani, akaninong'oneza: "Ndo hivyo hivyo, mwanangu. Na hapo maji yanarudi, anakimbizana nayo."

Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989 na kimesomesha watoto wengi wa pwani ya mashariki, ila wengi wetu wa mjini tunauona mwani ukiwa umeshaanikwa. Tangu kufungwa mpaka kuvunwa ni kama wiki sita, na shambani hakuingiliki ila maji yakitoka. Filamu inakungojesha kama kazi yenyewe inavyomngojesha mkulima, ndiyo maana urefu wake naukubali kabisa.

Palipouma ni kwenye kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ambao siku hizi unakufa kwa sababu bahari imezidi joto. Bibi anainua kamba, matawi yamegeuka meupe, yanakatikia mkononi. Anaiachia, anafuata kamba ya pili. Hasemi neno, na kamera haimsogelei usoni kumtafuta machozi. Kwa heshima hiyo peke yake naipa filamu hii alama zote.

Ukienda, kula kwanza. Chukua na mto, kwani ngazi za kukalia ni za mawe, na khanga ya kujitanda, upepo wa bahari unaingia vizuri usiku.

Ombi langu kwa walioitengeneza ni moja: ipelekeni Paje na Jambiani, muitundikie shuka jeupe kwenye kiwanja cha skuli, siku za maji mafu, bahari isipotoka sana na kina mama wasipokwenda pwani.