Filta ya giza ya stopu 10 kwenye rasi ya Malindi: uzoefu wangu

Filta hii, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga, niliinunua kwenye duka moja la Mombasa kwa shilingi 4,500, na shabaha yangu ilikuwa moja: rasi ile yenye Mnara wa Vasco da Gama, mawimbi ya kusi yakiipiga.

Kazi yenyewe inaifanya. Kila stopu hukata mwanga nusu, basi stopu 10 zinaupunguza takriban mara 1,000, kwa hiyo picha ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde inageuka ya sekunde 30 na ushei. Ukishaifunga huoni kitu, basi panga picha kwanza, lenga, zima autofokasi, ndipo uifunge. Polepole, maana mchanga ukiingia kwenye hesi, filta itakwama na utarudi nayo nyumbani ikiwa bado kwenye lenzi.

Rangi ndiyo iliyonichosha. Picha za mwanzo zilitoka na maji mekundu-mekundu, nikalaumu tope la Mto Sabaki. Lakini ilikuwa Julai, na wakati wa kusi tope hilo husukumwa zaidi kaskazini. Sisi hutujia kwenye kaskazi. Kumbe ni filta. Ukipiga picha ghafi (RAW), rangi inarekebishika. Ukipiga JPEG, utahangaika.

Asubuhi moja nilikuwa upande wa ufuo wa Silversands, maji yanajaa. (Siku za bamvu zenyewe, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, usijisumbue na macheo: maji hujaa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na jua likichomoza yanapwa tayari. Ngoja siku nne au tano zipite.) Mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nione."

Nikamwonyesha fahari yangu, sekunde 30 kamili. Akatazama kamera, akatazama bahari, akarudi kwenye kamera.

"Mbona umemwaga uji hapa?"

Nilicheka, lakini nilikwenda nyumbani nikazifungua zote kwenye kompyuta. Uji mtupu. Mawe ya matumbawe yaliyochongoka kama misumeno, na chini yake ukungu mweupe usio na hasira yoyote. Ile rasi bila wimbi linalopasuka haina habari. Tangu siku hiyo napiga alfajiri bila filta, nusu sekunde hivi: povu linabaki povu, na maji yanayoteremka mwambani yanaacha michirizi. Jua likipanda, filta ya stopu 6 ingenitosha, na laiti ningeanza na hiyo.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano. Sijaiuza, kwa sababu adhuhuri, mawingu yakikimbia na bahari imetulia, inatoa anga zuri sana. Tena watalii wanaopita chini ya mnara hupotea wote pichani, isipokuwa yule aliyesimama kujipiga selfi.